Baiskeli ya mtumba ya gia 21: nimeipeleka Masaki (ile ya Kisarawe)

Wiki tatu sasa ninayo hii baiskeli, na kwa vile kila anayeiona pale Buguruni ananiuliza kama inafaa, naandika mara moja yaishe. Ni mtumba wa Japani, zile za milimani, fremu ya alumini, tairi za inchi 26. Nimeitoa Ilala kwa laki mbili na themanini, tulianzia laki tatu na nusu. Duka silitaji. Mtaona kwa nini.

Dukani nilikuwa na swali moja tu: ina gia ngapi, na zote zinaingia? Muuzaji akaipindua miguu juu, akazungusha pedeli, akaanza kuziita gia moja moja kama mwalimu anayeita mahudhurio. Zote zikaitika. Nikalipa bila hata kuuliza jambo lingine.

Jumapili iliyofuata nikatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, peke yangu. Mwenzangu niliyepanga naye alikuwa amezima simu. Huku mjini kwenye tambarare sina malalamiko: TAZARA, Kipawa, uwanja wa ndege, Ukonga, unakanyaga tu inaenda. Mimi nimekulia kwenye Phoenix, na ukitoka kwenye lile chuma hii ni nyepesi mpaka unageuka nyuma kuangalia kama kuna kitu umeangusha. Gongo la Mboto daladala zikaanza kunisukumia pembeni, nikashuka nikakokota. Sikuona sababu ya kushindana na mtu anayewahi abiria.

Pugu Kajiungeni barabara inagawanyika, moja ya Chanika, nyingine ya Kisarawe. Nikashika ya Kisarawe, na hapo ndipo vilima vinapoanza. Aliyetoka Lushoto atanicheka, najua, barabara ya Mombo ni habari nyingine. Lakini kwa mtu wa Dar ambaye mlima wake mkubwa ni daraja la juu la TAZARA, Pugu inatosha kabisa. Mnyororo kwenye sahani ndogo ya mbele na ile kubwa ya nyuma, unapanda polepole umekaa, unapumua, hata kuzungumza unaweza kama ungekuwa na wa kuzungumza naye. Ila ubadilishe gia mapema, kabla mlima haujakubana. Nilichelewa mara moja, nikabonyeza huku nimekanyaga kwa nguvu zote, mnyororo ukalia kama unasaga kokoto. Baada ya hapo nikajifunza adabu. Na hizo gia 21 msizishangilie sana: ni 3 za mbele mara 7 za nyuma, nyingi zinafanana, mimi nimetumia kama tisa tu.

Kando ya msitu hewa ilikuwa baridi, majani yamelowa, nyani wawili wamekaa ukingoni wananitazama kama watu wa ushuru. Nilimkumbuka Mwalimu. Alikuwa anafundisha Pugu kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya TANU, na wazee husimulia kwamba alikuwa anatembea kwa miguu kwenda mjini kwenye mikutano. Mimi na gia zangu 21 nilikuwa nahema.

Kisarawe nikapiga chapati mbili na maharage, nikajaza maji, nikaendelea na njia ya Maneromango. Lengo lilikuwa Masaki, sio ile ya mabalozi, hii ya mikorosho na mihogo. Huku ni mawimbi: unapanda, unashuka, unapanda tena, na lami ikikuacha unabaki na vumbi jekundu na changarawe.

Mteremko wa tatu au wa nne hivi, mrefu, una kona chini. Nikabana breki ya nyuma. Kimya. Nikabana zote mbili mpaka vidole vikagusa usukani. Baiskeli ikapungua kidogo tu, kama mtu aliyeitwa akajifanya hajasikia. Konani kulikuwa na mama na mtoto wake wamebeba kuni, nikapiga kelele, nikashusha miguu yote miwili, soli za raba zikaburuzika kwenye changarawe, nikaishia ndani ya shamba la mihogo. Mama akasema, "Pole baba," halafu kwa sauti ya chini akamwambia mtoto, "Hawa ndio wa mjini."

Goti limechunika, baiskeli ni nzima. Nikaikokota mpaka kwa fundi, mzee mmoja chini ya mwembe, ndoo ya maji ya kutafutia pancha iko mbele yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umetoka nayo wapi hii?"

"Dar."

Hakusema kitu. Akachukua kucha ya kidole gumba akaikwaruza raba ya breki. Haikuacha alama. "Hii imekufa," akasema. "Imekaa miaka haifanyi kazi, imekuwa ngumu, inang'aa. Raba nzuri kucha inaingia." Kumbe ndivyo ilivyo kwa mitumba mingi: gia ni chuma, zinasubiri, lakini raba inazeeka hata baiskeli ikiwa imesimama stoo. Ikishakuwa ngumu inateleza kwenye rimu badala ya kuishika. Hakuwa na raba mpya za aina hii. Akazifungua zote nne, akazisugua kwa msasa mpaka ule mng'ao ukatoka, akafuta rimu kwa kitambaa, akakaza waya. Elfu tatu. Akanionya nisining'inie kwenye breki mteremko mzima: bana, achia, bana, achia.

Kurudi ilikuwa hivyo hivyo, bana, achia, kutoka Kisarawe mpaka Kajiungeni, malori yananipita. Zilishika, si kama mpya, lakini zilishika. Simu ilinihesabia kilomita 80 na ushee kwenda na kurudi.

Kiti ni kigumu, siku mbili nimekaa ofisini kwa ubavu. Mkiinunua pandisheni kiti kwanza, mguu ukaribie kunyooka pedeli ikiwa chini. Mimi nilikiacha kama kilivyotoka dukani na magoti yalinilipisha. Keria haina. Kengele haina. Rangi safi sana, tairi zilikuwa zimepakwa dawa zikang'aa, sasa najua ile dawa ilikuwa ya kunipofusha macho.

Nyota tatu kati ya tano. Ya nne ningeipa kama ningeanza na kucha badala ya kuhesabu gia.

Jumatatu nilirudi dukani na goti langu lenye bandeji. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Muuzaji akaniangalia, akaangalia breki, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka," akasema, "si uliuliza gia?"

Raba mpya, nne, elfu nane. Nimelipa.