Monita ya inchi 24 kutoka Mwanjelwa: nimeipima kwa mita ya luku

Nina steshenari Mafiati, hapa Mbeya. Monita yangu ya zamani ilikuwa ya inchi 19, bapa, ya zile zenye tyubu za mwanga nyuma ya kioo. Juni baridi ikikaza, asubuhi ilikuwa inawaka kwa kujivuta: kwanza rangi ya chai ya maziwa, mwanga wenyewe unakuja baada ya dakika kadhaa. Mteja kasimama kajikunyata ndani ya koti, barua yake haionekani.

Nikapanda bajaji hadi Mwanjelwa, nikarudi na ya inchi 24 ya LED, mtumba wa Ulaya, 180,000. Mbele bado ilikuwa na kibandiko cha herufi A mpaka G, mshale umesimama kwenye E. Muuzaji akaniambia, "Dada, E hiyo maana yake ekonomi." Nikacheka, nikalipa, lakini alinidanganya. Herufi hizo ni madaraja ya kubana umeme, A ndiyo bora, na E ni daraja la tano kati ya saba. Ila sio aibu pia: Umoja wa Ulaya ulibana vipimo Machi 2021, na monita nyingi nzuri zikashuka huko chini.

Mimi nilitazama namba iliyo chini ya herufi: 18 kWh/1000h. kWh moja ndiyo hiyo uniti moja ya luku. Yaani ikiwaka saa 1,000 inakula uniti 18, ambayo ni sawa na wati 18. Nawasha saa kumi kwa siku, kwa hiyo hizo ni siku mia za duka. Uniti naipata kwa 356, jumla kama 6,400.

Fundi wa jirani hakukubali. Aligeuza monita, akasoma mgongoni 100-240V, 1.5A, akazidisha kwenye simu. "Wati 360! Mama, umenunua jiko." Hapo ndipo wengi tunapotishwa. Ile 1.5A ni kikomo cha juu, kimeandikwa kwa kufikiria hata nchi zenye umeme wa volti 100, ambako kifaa kinavuta ampea nyingi zaidi. Ukiizidisha na 240 unapata hesabu ya kitu kisichokuwepo.

Jumapili nikafunga duka, nikazima kila kitu, nikaacha monita peke yake, picha inatoka kwenye laptopu iliyo kwenye betri yake. Mita yangu imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kataa kekundu kanapepesa mara 1,000 kwa uniti moja. Nikakaa na kikombe cha chai na saa ya simu. Mwanga ukiwa juu kabisa, kalipepesa kila baada ya dakika mbili na nusu: wati 24. Nikashusha mwanga hadi 40, ikawa dakika nne: wati 15. Ile ya zamani? Dakika moja na sekunde 40, wati 36. Nilipoiacha mpya ilale, nusu saa nzima hakakupepesa, chai ikapoa.

Sasa, pesa. Nikiwa kwenye zile wati 18 za kibandiko, badala ya 36 za ile ya zamani, naokoa kama shilingi 64 kwa siku. Hata andazi sipati. Kurudisha 180,000 kwa njia hiyo ni zaidi ya miaka saba bila kupumzika hata Jumapili, na fotokopi ikipasha roli lake inameza yote hayo kabla ya saa nne asubuhi. Anayekuuzia monita kwa hoja ya luku, mpe mkono uende zako.

Faida niliiona umeme ulipokatika. Kwenye betri ya akiba ya duka, ya zamani ilikuwa inakula mara mbili. Hii nafanya nayo kazi hadi mteja wa mwisho, nikishusha mwanga.

Kitako kinayumba kidogo. Na waya ulikuja na plagi ya Ulaya ya pini mbili za duara, haiingii kwenye soketi zetu. Niliongeza 5,000 ya waya wa pini tatu. Hilo muuzaji alilijua, akanyamaza.