Fleksible za plastiki za haidroliki: ipi ununue Lubumbashi, ipi uiache dukani

Lubumbashi fleksible, yaani mrija unaopinda unaopeleka mafuta ya presha kwenye mashine, hununuliwa hivi mara nyingi: makanika anaingia dukani na kipande kilichopasuka, anakiweka mezani na kusema, "Papa, nipe kama hii." Muuzaji anapima kwa jicho, anakata, anaserti rakori (anabana viungio vya chuma kwenye ncha), dola zinahesabiwa. Lakini kile kipande kinaonyesha unene na urefu tu. Hakisemi mashine inasukuma bari (kipimo cha presha) ngapi, na huenda chenyewe ndicho kilichokosewa mara ya mwisho. Kwa hiyo kabla ya kutoka kazini andika mambo matatu: presha ya vali ya usalama (iko kwenye kibati cha mashine au kitabu chake), kipenyo cha ndani cha fleksible, na joto la mafuta baada ya mashine kufanya kazi nusu siku.

Hapa nazungumzia fleksible za termoplastiki: nyepesi, ngozi laini, na badala ya waya wa chuma zina nyuzi za sintetiki zilizosukwa juu ya mrija wa plastiki. Zinashinda zile za mpira pale ambapo fleksible inapita kwenye puli au inasuguana kila saa: mlingoti wa forklifti, gari la kikapu la kunyanyua mafundi, vifaa vya mkono. Ni nyepesi, haziliwi haraka na msuguano, na hazina waya wa kushika kutu mvua zikianza Novemba. Tena unaweza kupata mbili zilizounganishwa ubavu kwa ubavu, ambazo kwenye mlingoti hukaa sawa bila kupishana.

Zinashindwa na joto. Kwa aina za kawaida kikomo ni nyuzi joto 93, na hata kabla ya kufika hapo watengenezaji wengi hushusha presha wanayoruhusu. Karibu na injini, au kwenye mistari mikubwa ya eskaveta inayochimba mchana kutwa Oktoba, baki na mpira wenye waya. Sioni sababu ya kubishana hapo.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia ile ninayoipenda zaidi. Namba kama 100R18 ni za kiwango cha SAE cha Marekani, na huandikwa kwenye ngozi ya fleksible.

Ya kwanza naiweka 100R18. Sababu ni moja: inabeba bari 210 katika kila ukubwa wake, iwe robo inchi au nusu inchi. Forklifti na mashine nyingi ndogo zinafanya kazi chini ya hapo au hapohapo, kwa hiyo mtu wa stoo hahitaji kukariri jedwali, na fundi wa zamu ya usiku akichukua ukubwa mwingine hashushi nguvu ya mfumo bila kujua. Kwa karakana yenye mashine mchanganyiko, hii ndiyo ya kuweka akiba.

Ya pili ni 100R7, na ndiyo utakayoonyeshwa mara nyingi kwa sababu bei yake ni rahisi. Ni nzuri, ila isome vizuri. Robo inchi inabeba karibu bari 200, tatu ya nane ya inchi inabeba kama 155, na nusu inchi inashuka hadi 140 hivi. Ukiifunga ile ya nusu inchi kwenye mstari wa bari 200 haitapasuka siku hiyo, na ndiyo maana kosa hili linadumu. Fleksible hutengenezwa ipasuke kwenye presha mara nne ya ile iliyoandikwa. Watu wakisikia hivyo hudhani wana akiba ya kutumia. Hawana. Hiyo mara nne imeshawekewa matuta ya presha kila mzigo unaposhushwa ghafla, jua, uzee na mikwaruzo. Tumia R7 kwenye kazi nyepesi: kusogeza uma wa forklifti pembeni, vishikio, mistari ya kuamrisha vali.

Ya tatu 100R8. Nyuzi zake kwa kawaida ni aramidi, imara sana, na robo inchi inafika bari 345. Mbona nimeishusha? Kwa sababu nguvu hiyo iko kwenye saizi ndogo. Nusu inchi inabaki bari 240 hivi, wakati fleksible ya mpira ya 2SN (yenye tabaka mbili za waya) ya nusu inchi inafika 275, na rakori zake kila duka linazo. R8 inunue kwa kazi yake maalumu, mahali pembamba penye presha kubwa.

Nje ya mpangilio kuna mbili ambazo hazishindani na nyingine. Kwanza, jeki na vifaa vya karakana vya bari 700. Hizo zina fleksible zake, zilizoandikwa 700, na R8 haiwezi kuziba nafasi hata kwa dakika tano. Pili, gari la kikapu linalokaribia nyaya za umeme. Hapo lazima iwe fleksible isiyopitisha umeme, yenye ngozi ya rangi ya machungwa ambayo haikutobolewa vitundu. Majaribio yake ni volti 75,000 kwa kila futi kwa dakika 5, na umeme unaopenya usizidi mikroampea 50. Rangi peke yake haitoshi, kwa hiyo tafuta maandishi ya mtengenezaji yanayosema haipitishi umeme. Ukiifunga nyeusi hapo, unacheza na maisha ya aliye juu.

Kwa wanaofanya kazi chini ya ardhi, kama mgodi wa Kipushi, ongeza sharti la kutoshika moto. Alama ya MSHA, shirika la usalama wa migodi la Marekani, ndiyo inayotafutwa zaidi.

Nafasi ya mwisho ni ile isiyo na maandishi, au yenye presha bila namba ya kiwango wala tarehe. Iache, hata kama bei inakuvuta.

Halafu rakori, na hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Rakori ya 2SN ilitengenezwa kushika waya. Ukiibana juu ya nyuzi za plastiki itaonekana imekaa, kisha siku moja fleksible inachomoka na kupiga kama mjeledi. Mwambie anayeserti akuonyeshe jedwali la mtengenezaji wa fleksible hiyo hiyo: rakori gani, iingie kina gani, na kipenyo baada ya kubana. Kisha apime kwa kalipa mbele yako. Asikate kwa diski ya kusaga, kwa sababu inayeyusha plastiki na kuacha vumbi ndani. Kisu kikali kinatosha. Ndani isafishwe kabla ya kuserti, ncha zifungwe vifuniko. Vumbi jekundu la kiangazi chetu likiingia kwenye pompa, bei ya fleksible utaisahau.

Wakati wa kufunga, mstari wa maandishi kwenye ngozi uwe umenyooka. Ukijipinda, fleksible imesokotwa. Acha ulegevu, kwa sababu R7 na R8 zinaweza kurefuka au kufupika hadi asilimia 3 zikipata presha. Kona isibane: robo inchi inataka nusu kipenyo cha milimita 100 hivi, nusu inchi karibu 180. Puli ndogo kuliko hapo itaivunja hata iwe ya bei gani.

Katika viwanda vya shaba na kobalti kuna asidi ya salfuriki. Ukosefu wa waya ni faida hapo, lakini plastiki aina ya nailoni na poliuretani huliwa na asidi kali. Usifunge karibu na matangi bila kuangalia jedwali la kemikali la mtengenezaji.

Kuhusu usalama nasisitiza jambo moja kuliko yote. Tundu dogo kama ncha ya sindano linarusha mafuta yanayopenya ngozi hata kwenye presha ndogo ya bari 7. Kidonda kinaonekana kidogo, hakiumi sana mwanzoni, mtu anakifuta na kuendelea na kazi. Kufikia usiku mkono umevimba, na akichelewa anaweza kukatwa mkono huo. Usitafute uvujaji kwa kidole wala kwa glavu. Zima mashine, shusha mzigo, toa presha, kisha kagua kwa kipande cha kadibodi. Aliyechomwa apelekwe palipo na daktari wa upasuaji saa hiyo hiyo, na aliyemsindikiza aseme wazi ni mafuta ya haidroliki yaliyoingia kwa presha. Asipofanya hivyo atafungwa bandeji na kurudishwa nyumbani.

Unapolipa, soma tarehe: 3Q23, kwa mfano, ni robo ya tatu ya mwaka 2023. Kiwango cha Kijerumani DIN 20066 kinataka fleksible ya rola (ambayo bado haijakatwa) isizidi miaka 4 kabla ya kusertiwa, na iliyokwisha kusertiwa itolewe kazini ikifika miaka 6, miaka 2 ya stoo ikiwa ndani yake. Mizigo inayokaa njiani na mpakani Kasumbalesa inakula muda huo kabla hujafungua kifurushi. Na rola iliyoning'inizwa mlangoni mwa duka, juani, usiihesabu kuwa mpya. Omba ile ya ndani, iliyo bado kwenye nailoni yake.