Fonti nene na changamfu kwa nembo na vichwa vya habari: ipi ianze, ipi ifuate

Kabla hujalipia fonti yoyote, andika HARAKA kwenye kisanduku cha majaribio cha muuzaji. Neno hilo lina A tatu. Kiswahili hurudia irabu zaidi kuliko lugha ambazo wachoraji wengi wa fonti huzifikiria, kwa hiyo fonti inayojidai imechorwa kwa mkono, kisha A zake zote tatu zikatoka sawasawa kama matofali, imeshajifichua. Zilizo nzuri huwa na maumbo mawili au matatu ya herufi moja, na huyabadilisha zenyewe unapochapa.

Jaribio la pili ni ng'ara, kwa herufi ndogo. Niliwahi kununua fonti kwa ajili ya nembo ya chapa ya nguo za watoto iliyoitwa jina hilo, nikiwa nimevutiwa na sampuli ya Kiingereza tu. Ritifaa, yaani ile alama ya ', ilikaa peke yake kama jino lililong'oka, pengo likalikata jina vipande viwili, na mteja akasoma "Ng ara". Ilinibidi nisogeze herufi moja moja na kuichora ritifaa upya. Tangu hapo sinunui fonti ambayo sijaiona ikiandika ng'. Jaribu pia ritifaa iliyopinda na iliyonyooka, maana katika fonti nene ile iliyonyooka mara nyingi hufanana na msumari.

Kwa vipimo hivyo, namba moja kwangu ni Cooper Black. Oswald Cooper aliichora, na kampuni ya Barnhart Brothers & Spindler ya Chicago ikaitoa mwaka 1922, enzi za herufi za kuchapia zilizotengenezwa kwa madini ya risasi. Ukiitazama nembo ya shirika la ndege la easyJet, ndiyo hiyo. Ncha za herufi zake zimeviringwa hadi huoni pembe kali, na tundu la o limeegemea nyuma kidogo, kama mtu aliyekaa kwa raha. Herufi zake ndogo zinasomeka vizuri, jambo ambalo fonti nyingi za aina hii hulikosa. Angalizo: inauzwa na zaidi ya kampuni moja, na michoro yao hailingani kabisa. Weka neno lako kwenye kila toleo uone lipi limepanga nafasi vizuri. Usiitumie kwa maandishi madogo, matundu ya a na e huziba.

Ya pili ni Bungee ya David Jonathan Ross, na huilipii chochote, kwa kuwa imetolewa chini ya leseni huria ya fonti ya shirika la SIL. Ilichorwa kwa kufikiria mabango ya mitaani, hivyo inaweza kuandikwa kutoka juu kwenda chini bila herufi kuyumba. Ina pia matabaka ya kivuli, mstari wa ndani na mzingo, ambayo unayapandanisha kwa rangi tofauti. Kwa bango la wima sijaona ya kuishinda. Haina herufi ndogo za kawaida, na hilo ndilo lililoinyima nafasi ya kwanza.

Fredoka naiweka ya tatu. Ni ya mviringo, laini, inafaa chapa za watoto na programu za simu, nayo pia ni ya bure. Toleo la sasa linakuruhusu kuchagua unene na upana, kwa hiyo jina refu linaingia bila kuminywa kwa nguvu. (Tafadhali usizivute herufi kwa kipanya ili zijae nafasi, mistari ya wima hunenepa na ya mlalo hubaki ilivyo, na jicho hulitambua hilo mara moja.)

Shrikhand ya Jonny Pinhorn ni ya nne. Inatokana na maandishi ya mkono ya mabango ya Gujarat, jimbo la India, imelala upande, ina mwili mnene na mwendo. Kwa neno moja au mawili inapendeza mno. Kwa sentensi nzima inachosha.

Lobster ya Pablo Impallari, ya mwaka 2010, naiweka mwisho. Imechorwa kwa ustadi, na viungo vya herufi zake ni vya kusifiwa, lakini imetumika kupita kiasi hadi nembo yako itafanana na ya jirani. Na usiiandike kwa herufi kubwa tupu. Haisomeki.

Sasa leseni, ambako pesa hupotea. Fonti ya kulipia huwa na leseni ya kompyuta, inayohesabiwa kwa idadi ya watumiaji. Ya tovuti mara nyingi huwa tofauti, na ya programu ya simu tofauti tena. "Bure kwa matumizi binafsi" maana yake nembo ya biashara hairuhusiwi, hata kama biashara ni changa. Leseni ya SIL inaruhusu biashara, inaruhusu kuirekebisha fonti, ila inakataza kuiuza fonti yenyewe peke yake. Hifadhi faili la leseni kwenye folda moja na faili la nembo, na unapomkabidhi mteja nembo, geuza herufi ziwe michoro. Faili lenyewe la fonti ya kulipia usimpe. Akilihitaji, anunue leseni kwa jina lake.