Tranka la bweni kutoka kwa fundi bati, na jaribio lake la safari ya Matema

Shule zikifungwa Juni, wazazi wengi wa Mbeya huliweka suala la tranka kando hadi siku tatu kabla ya kufungua. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Mwanzoni mwa Julai wanafunzi wanaorudi bweni hukutana sokoni na wale wanaoanza kidato cha tano, fundi anagonga bati hadi usiku, rangi inakabidhiwa ikiwa mbichi, na mnunuzi anabeba kilichobaki. Tranka lile lile likiagizwa wiki ya kwanza ya likizo linakuwa kitu kingine kabisa.

Tuseme mapema: kati ya tranka lenye maua linalouzwa dukani na lile la fundi bati wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, lisilo na urembo wowote, tunachukua la fundi, kwa sharti kwamba unajua cha kukagua. La fundi mvivu ni baya kuliko la dukani.

Anza na unene. Bati hupimwa kwa geji, na namba ikipanda bati linakuwa jembamba zaidi. Geji 30 ni ya kukwepa, 28 inavumilika kwa tranka dogo la inchi 24, na kwa la inchi 30 dai 26. Ukiuliza, "Fundi, hili geji ngapi?" utajibiwa, "Zito hilo mama, wala usiwe na wasiwasi," jibu ambalo halina namba ndani yake. Basi tumia dole gumba. Bonyeza katikati ya kifuniko kisha achia. Kikibonyea na kurudi kwa mlio wa "pwa", bati ni jembamba au fundi hakukipiga msalaba. Msalaba ni ile mikunjo miwili myepesi inayotoka kona hadi kona. Haiongezi uzito hata chembe, ila inafanya kifuniko kisilegee, na bwenini kifuniko ndicho kiti cha kila mgeni.

Sasa pindua tranka uangalie kitako. Bati zima lina futi 8 kwa 4, na matranka mawili yenye urefu wa inchi 30, upana 16 na kina 12 hayatoki humo vizuri bila kuunga. Kuta zinakatika sawasawa, vifuniko navyo vinapatikana, upungufu unaangukia kitakoni. Ndiyo maana moja kati ya matranka mawili yaliyopangwa pamoja mara nyingi lina kitako cha vipande viwili. Kiungo chenyewe si dhambi. Kikiwa kimekunjwa mara mbili na kugongwa kikalala, kinadumu. Kikiwa kimelazwa tu kipande juu ya kipande na kupigwa ribiti nne (vijiti vya chuma vinavyogongwa ncha zikatanuka), maji ya kudeki bweni yataingia hapo na kutu itaanza hapo hapo. Pitisha kidole: usihisi ncha inayokata.

Ukingo wa juu unatakiwa uwe umekunjwa ukafunika waya. Bila waya mdomo wa tranka hupinda siku ya kwanza kwenye buti la basi, na kifuniko hakikai tena.

Bawaba ndizo zinazotofautisha la dukani na la fundi. Za dukani nyingi zimechomelewa kwa vidoti viwili vitatu. Vidoti hivyo vikiachia havirudishiki kirahisi, kwa sababu bati jembamba linatoboka likichomelewa upya. Bawaba ya ribiti ikilegea, fundi yeyote anaikaza kwa nyundo. Kwa inchi 30 dai bawaba tatu. Kisha tazama pini zake: ncha zote mbili ziwe zimegongwa zikatanuka. Pini ambayo haijagongwa inasukumwa kwa msumari, tranka linafunguka kwa nyuma, na kufuli linabaki mbele likiwa zima. Wizi mwingi wa sukari na sabuni hauhitaji ufundi zaidi ya huo.

Kitasa kilichojengwa ndani hatukipendekezi. Weka komeo na kufuli la nje, ribiti zake ziwe na washa (visahani vya chuma vyenye tundu) kwa ndani, na ununue kufuli kabla tranka halijakamilika ili tundu litobolewe kwa kipimo chake. Ukifanya kinyume, utanunua kufuli dogo kwa sababu tu ndilo linalopita.

Rangi ndiyo malalamiko ya kila mwaka. Bati jipya lina zinki laini, na rangi ya mafuta haishiki juu yake, inabanduka kama ganda la kitunguu. Mwambie fundi asugue kwa msasa, afute kwa siki, apake praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, ndipo rangi ije. Ndani asipake kitu. Harufu ya rangi huingia kwenye shuka na kwenye unga wa uji, na kwa baridi ya Juni ya Uyole rangi inataka wiki nzima ikauke kweli. Hakuna anayetaka kulipia praima? Basi liache bati tupu, ni afadhali. Jina la mwanafunzi likwaruzwe kwa msumari ndani ya kifuniko, maana la rangi linafutwa kwa rangi.

Hapo ndipo likizo inapofaa: tranka lijaribiwe safarini kabla ya kwenda bwenini. Familia inayoshuka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ifungashe kwenye tranka jipya badala ya mabegi. Weka kilo 20 za mablanketi, mchele na sufuria, lifunge kwa mpira wa tyubu, liende. Kutoka Uyole kupitia Tukuyu hadi Ipinda, njiani kuelekea Matema, ni mteremko wa zaidi ya mita 1,000, wenye kona na matuta ya kutosha. Watoto wanaondoka na masweta na kufika ziwani wakitaka kuogelea. Ukifika, kabla ya kupakua, lisukume tranka ubavuni. Likicheza kama kiti kibovu, kuna ribiti imeachia. Tafuta duara jeusi linalong'aa kuizunguka, huo ni unga wa bati linalosagana.

Usiku weka humo nguo za kuogelea zilizokamuliwa, funga, fungua asubuhi. Utakuta matone chini ya kifuniko. Hilo si tundu, ni jasho la bati: chuma kinapoa, unyevu wa nguo unageuka matone juu yake. Bweni la Tukuyu au Makete lina baridi kuliko Matema, kwa hiyo huko jasho ni zaidi. Dawa yake ni boksi la karatasi ngumu lililokatwa kwa kipimo cha kitako na kifuniko, vipande viwili vya mbao ya inchi moja chini ya tranka, na mtoto afundishwe kutofungia taulo bichi.

Safari ikiangukia Jumamosi, pita mnada wa Lyulilo, kijiji jirani na Matema, vinapouzwa vyungu vya Wakisi, kabila la wafinyanzi, kutoka Ikombe. Tranka linavibeba vizuri, chungu ndani ya chungu, nyasi kavu katikati. Mchanga wa ziwani ndio adui hapo. Ukiingia kwenye bawaba unasaga pini, hivyo zipige kwa brashi ya viatu na kuzipaka tone la mafuta ukifika nyumbani. Kisha lirudishe kwa fundi na orodha ya yaliyolegea, wakati bado ana nafasi. Kazi ya ribiti nne ni ya dakika chache, na fundi aliyepewa wiki mbili huwa hakatai.

Kipimo cha mwisho ni uvungu wa deka, kile kitanda cha ghorofa cha bwenini. Vitanda vya shule havilingani, hivyo ulizeni shuleni kimo cha uvungu kabla ya kuagiza, kisha mtoe inchi moja ya mbao na nyingine ya nafasi. Msipopata jibu, kina cha inchi 12 kiwe kikomo, hata kama fundi anasema la 14 linabeba zaidi. Anasema kweli, ila lisipoingia uvunguni litakaa njiani, na kila apitaye ataligonga kwa kidole cha mguu.