Nar ekşisi ya Hatay, kusini mwa Uturuki: soma lebo kwanza

Chupa mbili zinafanana, ila ndani si kitu kimoja. Nar ekşisi halisi ni maji ya komamanga yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito, basi. Iliyoandikwa "nar ekşili sos" kwa kawaida ni sharubati ya glukosi na asidi ya sitriki, iache.

Halisi ina rangi ya kahawia iliyokolea, huteremka kijikoni taratibu, na uchachu wake hutangulia utamu. Ina ladha nzuri mno! Kwa kısır, saladi ya Kituruki ya bulguri (ngano iliyochemshwa, ikakaushwa na kuvunjwavunjwa), vijiko viwili vya chakula vya nar ekşisi vinatosha kikombe kimoja cha bulguri laini. Kwenye nyama ya kuchoma, ipake dakika za mwisho. Ukiwahi, sukari ya tunda huungua na kuacha uchungu.