Siku moja msituni kwa msafara wa magari: tope tamu, foleni chungu

Miaka 3 nimemiliki gari la fowili na sikuwahi kugusa ile gia ndogo iliyo pembeni ya gia kubwa. Nilikuwa naipangusa vumbi tu. Ndiyo maana nililipia siku moja ya kuendesha kwa msafara kwenye njia za msituni: unakwenda na gari lako, wao wanatoa waongozaji wawili, mmoja mbele na mmoja mkiani.

Kilichoniudhi nakisema mapema. Tangazo lilisema magari hayatazidi 6, tukafika tukakuta 11. Njia za msituni hazina kupishana, kwa hiyo mmoja akikwama, mmekwama wote. Kwenye kilima kimoja nilisubiri zamu yangu karibu saa nzima nikihesabu majani kwenye kioo. Jioni ndiyo kabisa: kompresa moja, magari 11, matairi 44.

Kompresa ya nini? Asubuhi kabla ya kuingia msituni tulipunguza upepo wa matairi, na jioni kompresa ndiyo ya kuurudisha. Yangu yalikuwa na psi 35 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi), tukashusha hadi 22. Roho iliniuma kuusikia ule mluzi wa hewa. Mwongozaji wa nyuma, mzee mmoja mpole, alichora tu ardhini kwa kijiti: tairi iliyolegea hurefuka pale inapokanyaga, ikaukumbatia mzizi au jiwe badala ya kulirukia. Niliiona tofauti kabla hata hatujafika mbali, maana gari liliacha kututikisa meno. Ila ukishapunguza upepo, mwendo ni wa pole na usukani haukatwi ghafla, tairi lisije likachomoka kwenye rimu. Na hurudi lami hujajaza, kwa sababu tairi laini likikimbizwa linachemka.

Sehemu iliyonifanya nisijutie hela yangu ilikuwa mteremko mmoja wa udongo wa mfinyanzi, umenyeshewa usiku kucha na unang'aa kama umepakwa mafuta. Sauti ikaja kwenye redio: “Dada, weka 4L, gia namba moja, mguu mbali na breki. Acha injini ishike gari.” 4L ndiyo ile gia ndogo niliyokuwa naipangusa vumbi: ukiiweka, magurudumu yote manne yanavuta polepole kwa nguvu. Kila kiungo mwilini kilikuwa kinadai breki. Nikaigusa kidogo tu, na papo hapo sehemu ya nyuma ikaanza kuja ubavuni mwangu, gari limekaa mshazari na mti mnene uko kulia. “Achia! Achia breki, gusa mafuta kidogo.” Mafuta, wakati nateleza! Nikatii kwa sababu sikuwa na wazo lingine. Magurudumu yakazunguka tena, usukani ukapata uhai, gari likanyooka lenyewe. Gurudumu lililobanwa na breki halisikilizi usukani. Nimeendesha miaka yote hii na hakuna aliyeniambia.

Kisha pikapu ya mwenzetu ikazama hadi chesisi. Mwenyewe, kwa haraka ya kutaka kutusaidia tusisubiri, akafunga kamba kwenye kile kichwa cha duara cha kuvutia trela. Yule mzee alikimbia, mara pekee niliyomwona akikimbia siku ile. Akaifungua kamba kimya kimya, ndipo akaeleza. Kamba hizo zimetengenezwa zivutike, zikusanye nguvu kama manati. Kichwa kile kikikatika kinaruka kama risasi na kupita kioo, na watu wamekufa hivyo. Akaihamishia kwenye pete ya kuokolea iliyokazwa kwenye chesisi, akatusogeza wote mbali, na pikapu ikatoka kwa mvuto mmoja.

Lakini jamani, somo kama hilo ni la saa tatu asubuhi! Maelezo ya usalama tuliyopewa hayakufika dakika 10, na nusu yake ilikuwa kusaini karatasi na kupiga picha ya pamoja. Hapo nawapunguzia alama bila huruma.

Walichofundisha vizuri ni adabu ya msafara. Kazi yako ni kumwangalia aliye nyuma yako. Kwenye njia panda husogei mpaka akuone umekunja wapi. Kwa utaratibu huo hakuna aliyepotea, hata redio zilipokatakata. Vilevile ole wako ulizunguke dimbwi kwa kupanda majani. Unashuka, unapima kina kwa fimbo, unapita katikati. Jamaa mmoja alijaribu kukwepa, akarudishwa kama mtoto wa shule.

Mwenye gari analolionea wivu rangi asijisumbue. Mlango wangu wa kushoto umebaki na mikwaruzo mitatu ya matawi, na kapeti bado linanuka kinamasi.

Nimejiandikisha tena, safari hii siku ya katikati ya wiki. Kabla ya kulipa niliuliza ni magari mangapi, wakaniambia 5, nikataka waandike kwenye risiti. Na kompresa nimenunua ya kwangu.