Programu ya mauzo kwenye simu: uzoefu wangu mitaani Kigoma

Mimi ni afisa mauzo wa jumla: sabuni, mafuta ya kula, betri. Nazungukia Mwanga, Gungu, Kibirizi na Ujiji. Mwanzoni mwa 2024 kampuni ilitupa programu ya kuchukulia oda kwenye simu.

Kwenye oda sina neno baya. Zinafika stoo pale pale, na sibebi tena daftari la kaboni ambalo likilowa mvua, madeni nayo yamekwenda.

Shida ilikuwa mzunguko. Programu ndiyo iliyopanga nianze duka lipi, nimalizie lipi, na kila duka dakika kumi. Ukiruka moja, linageuka jekundu kwenye simu yako na ya msimamizi. Ijumaa ilinipeleka Ujiji saa saba mchana, wenye maduka wako msikitini. Nimesimama juani mara nyingi mbele ya kufuli, dakika zinahesabiwa, huku najua kabisa kwamba Gungu kuna mama anayenisubiri na pesa mkononi.

Kibirizi ndiko kulikoniumiza zaidi. Pale pesa hufuata dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika na maduka ya mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, yanalala. Hata mtoto wa pale anajua. Programu ilidai oda ile ile kila wiki. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, lengo langu la Kibirizi halikupungua hata katoni moja. Nikawa nashtuka saa tisa usiku, moyo unakwenda mbio, nawasha simu kuangalia wekundu. Mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, hiyo simu unaiuguza?"

Baadaye nikasoma habari za Robert Karasek, Mmarekani aliyeandika mwaka 1979 kwamba wingi wa kazi huumiza zaidi pale mfanyakazi anapokosa kauli juu ya namna ya kuifanya. Nilijiona mle. Enzi za daftari nilitembea maduka mengi kuliko hayo na nililala usingizi wangu wote. Hata mapumziko ya saa nzima ambayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, hayakuwa na nafasi kwenye ratiba ile.

Tulikwenda wanne kwa msimamizi, tumeandika Ijumaa zote na siku za mbalamwezi, pamoja na oda tulizozikosa. Alitusikiliza, akapiga simu makao makuu. Kumbe sehemu ya kumwachia muuzaji apange mzunguko wake ilikuwemo tangu siku ya kwanza, ila ilikuwa imezimwa! Hilo liliniuma kuliko yote. Kwa hiyo kama ofisini kwenu wanaleta programu ya namna hii, ulizeni mapema nani anapanga mzunguko.

Sasa Ijumaa naanza Ujiji saa mbili asubuhi. Wiki iliyopita hadi saa tano nilikuwa na oda kumi na nne, nikaswali Ijumaa pamoja na wateja wangu.

Naipa nyota nne. Ya tano nitaongeza siku itakapoacha kumwonyesha msimamizi mahali nilipo hata saa mbili usiku, nikiwa nyumbani nakula.